Tundu la Ufunguo

Jua lilikuwa linazama Fyuzi alipobisha hodi kwa shemeji yake. Alikuwa fundi umeme wa magari, na jina hilo hakupewa kwa sababu ya kazi peke yake: akikasirika alikatika pu! na kumrudisha kulikuwa na kazi. Kwa miaka sita hakusema na kaka yake, kisa kaka alimzika mama yao bila kumngoja atoke safarini. Walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Sasa kaka naye alikuwa na miezi miwili kaburini, na mjane wake ndiye aliyempigia simu.

"Karibu, shemeji," mjane alisema, bila kumpisha mlangoni. "Ni taa ya gari tu. Nikitoka kazini giza limeshaingia. Napapasa tundu la ufunguo kama kipofu."

"Ungeniambia mapema."

"Uliambiwa mapema."

Ni kweli. Mwaka jana kaka yake alimtuma mtu gereji: njoo unitengenezee taa ya ndani ya gari, macho yangu jioni hayafai tena. Fyuzi akajibu mbele ya mafundi wenzake, "Mwambie bado niko safarini." Wakacheka. Yeye ndiye aliyecheka zaidi.

Gari lilikuwa nyuma ya nyumba, chini ya banda la bati. Alikaa kiti cha dereva, akafunga mlango, akawasha tochi yake ya kichwani. Taa ya juu ilikuwa imeoza, waya wake umetafunwa na panya. Akapitisha waya mpya, akabandika ukanda wa taa chini ya dashibodi, kisha akaweka balbu ndogo, kama punje ya mahindi, juu kidogo ya tundu la ufunguo, palipokuwa na mikwaruzo mingi. Swichi akaifunga upande wa kushoto wa usukani.

Akazima tochi, aone giza la humo ndani lilivyo kabla ya kujaribu kazi yake.

Kri.

Panya, aliwaza.

Kri... kri...

Karibu na goti lake. Sauti hiyo aliijua. Ni ufunguo unaotafuta tundu, unakosa, unakwaruza plastiki. Lakini ufunguo alikuwa nao yeye, kwenye mfuko wa shati. Akaugusa. Upo.

Kri, kri, kri...

Ikaja harufu ya dawa ya kuchua, ile kali, aliyokuwa akijipaka kaka yake magotini. Fyuzi akanyoosha mkono polepole hadi kwenye tundu.

Vidole vingine vilikuwa vimeshafika.

Vya baridi. Vinatetemeka.

"Sioni..." mtu alinong'ona ubavuni pake. "Niwashie..."

"Kaka?"

"Niwashie..."

Kwa mkono wa kushoto alipapasa swichi. Fundi mwenye miaka ishirini kazini, swichi ameifunga mwenyewe dakika tano zilizopita, na haioni! Vidole vile vikamshika. Havikumshika kwa hasira, na hilo ndilo lililomuumiza. Vilimshika kama mtu anayezama anavyoshika chochote.

Akaipata. Akabonyeza.

Mwanga ukajaa. Hakukuwa na mtu. Ila plastiki yote kuzunguka tundu ilikuwa imekwanguliwa hadi ikawa nyeupe, na unga wake mbichi ulikuwa umemwagika kwenye suruali yake.

Mjane alikuwa amesimama nje ya dirisha la gari.

"Umemsikia," alisema. Hakuwa anauliza.

"Shemeji... nyie mliniambia alifia usingizini."

"Ulipenda kuambiwa hivyo, ukaambiwa. Alibanwa na kifua, jioni kama hii. Mimi niko kazini. Akajikokota hadi garini ajipeleke hospitali. Nilimkuta hapo hapo ulipokaa, ufunguo mkononi. Siku ile mikwaruzo ilikuwa michache. Kila jioni inaongezeka. Kwa nini, sijui. Anataka nini, sijui."

"Mbona hukunieleza kabla sijaingia?"

"Ungeingia?"

Fyuzi akashuka. Akapeleka mkono kuzima taa.

"Usizime!" Mjane alimdaka kiwiko. "Ikiwaka ananyamaza?"

"Amenyamaza."

"Basi iache."

"Betri hii imechoka, shemeji. Haimalizi hata saa moja."

"Si uwashe injini ijichaji?"

Fyuzi akatoa ufunguo mfukoni. Tundu lilikuwa linang'aa, hata mtoto asingelikosa. Akainama, akapeleka mkono. Ukafika kwenye usukani, ukasimama, kama kwamba vidole vile bado vinamngoja pale. Akajaribu tena. Ukasimama palepale.

Mjane alimngoja. Alimngoja sana. Kisha akacheka kicheko kikavu, kisicho na furaha hata chembe.

"Na wewe umelikosa?"

Akaingia ndani ya nyumba, akafunga mlango kwa komeo. Fyuzi akabaki bandani peke yake, ufunguo mkononi. Nje giza lilikuwa limeshatanda. Ndani ya gari, ule mwanga mweupe ulianza kufifia, taratibu, na yeye alikuwa bado amesimama.