Ngozi ya Mama Mwape

Léonard alikuwa muuguzi anayeijua kazi yake, na kujivuna hakukosa. Juni ile ya 1953, katika hospitali ya Waafrika pale Élisabethville, ni yeye aliyeaminiwa kuwafunga wagonjwa nyaya za mashine mpya ya kupimia moyo. Saa nne asubuhi, jua zuri dirishani, alimlaza mama yake mzazi, Mama Mwape, ambaye siku hizo aliishiwa pumzi hata akifagia. Akamfunga vibati vya chuma mikononi na mguuni, akawasha.

Sindano ya kuchorea ikatetemeka ovyo karatasini.

"Ngozi kavu," alisema daktari Mbelgiji bila hata kugeuka. "Umeme wa moyo ni tone tu. Ngozi ikiuzuia, amplifaya inayoukuza inaokota umeme wa ukutani. Sugua. Bila mchoro safi sitoi dawa."

Akaenda zake wodi ya pili. Léonard akachukua chumvi na kitambaa kigumu. Mama akauvuta mkono wake wa kushoto. Kifundoni palikuwa na chale tatu nyeusi.

"Hapa hapana, mwana wangu," alinong'ona. "Baba yako alikufa, lakini alikuwa anarudia ku kitanda yangu. Banganga balinichanja, balitia dawa. Ile dawa njo inamufungia njia."

"Mama, docteur hatatoa dawa. Minataka upone."

Mama akamwachia mkono. Alimwamini mwanawe. Léonard akasugua, akasugua, hadi weusi wote ukahamia kwenye kitambaa kama masizi ya sufuria. Akapaka maji ya chumvi, akafunga kibati upya.

Mchoro ukatulia. Safi ajabu. Moyo mmoja, mchovu. Léonard akatabasamu.

Kisha ukaja wa pili.

Ulipiga katikati ya mapigo ya mama. Polepole. Mzito. Akakagua nyaya, zilishika vizuri. Akajipima mshipa wake mwenyewe. Wake ulikuwa unakimbia, haukufanana na ule.

"Léonard," mama alinong'ona. "Baba yako iko hapa."

Léonard akasogeza kibati, akanyakua kile kitambaa, akakikandamiza juu ya chale, akilia, akijaribu kuurudisha weusi mahali pake. Haukushika. Ngozi ilikuwa safi mno.

Moyo wa mama ukapunguza mwendo. Ukakawia. Ukakoma.

Ule mwingine ukaendelea kuchora.

Léonard akatoka mbio kumwita daktari. Walirudi baada ya dakika mbili. Daktari akachomoa waya ukutani, akamfumba mama macho, kisha akasita. Mama Mwape alikuwa ameachwa katikati ya kitanda. Sasa alikuwa amesogea hadi ukingoni, kama mke anayempisha mumewe alale. Upande wa pili shuka lilikuwa limebonyea, urefu wa mtu mzima.

Daktari akaweka kiganja pale, akakiondoa haraka.

"Nani alilala hapa?" aliuliza.

Palikuwa bado na joto.