Kopo la Udongo wa Uholanzi

Rafiki yangu Abdulnasir wa Madungu ni muongo kama mimi, ila uongo wangu haujawahi kunuka. Alipokwenda Uholanzi kikazi, shangazi yake Bi Mwatum alimpa agizo moja: amletee udongo wa kaburi la nduguye, baharia aliyezikwa kule, ili aufukie kando ya mama yao.

Mji alikozikwa ni mdogo, ardhi yake iliporwa baharini karne na karne zilizopita, na hadi leo pampu zinanyonya maji ili nyumba zisizame. Makaburi hukodishwa. La baharia muda ulikwisha, mifupa ikafukuliwa, akalazwa mwengine. Abdulnasir alifika akalikuta hivyo. Atamwambia nini shangazi yake? Akachota tope la mfereji, akalitia kwenye kopo la biskuti.

Aliporudi, Bi Mwatum alilifungua mbele yake chumbani mchana wa mvua, madirisha yamefungwa, umeme umekatika. Uvundo wa samaki aliyeoza ukawapanda puani.

"Shangazi, acha nikalifukie mwenyewe."

"Wee! Ndugu yangu huyu. Unamwonea kinyaa?"

Akatumbukiza vidole. Gizani tope likawa linafyonza, chwap, chwap. Akaibua unywele mweupe wenye utelezi, akauvuta, ukazidi kuja mpaka ukalala mapajani.

"Nisamehe, shangazi! Nilikudanganya! Hilo tope la mfereji tu!"

Bi Mwatum alikuwa ameacha kuvuta. Unywele ulikaza, ukaanza kurudi ndani taratibu, na mkono wa Bi Mwatum ukaufuata.

Kopo lile kina chake hakizidi shubiri. Mkono ulikuwa umezama hadi kiwiko.