Mlangoni kwa Eustakia

Mtu akikwambia wafu hawapokei wageni, mwambie akamuulize Domisiana, jirani yetu wa Mabawe.

Kiangazi cha mwaka sabini na tisa, vita vimekwisha, Domisiana alipanda mlimani kukata nyasi za kuezekea. Mumewe, Novatus, alikuwa hajarudi kutoka vitani Uganda, naye hakutaka amkute na paa linalovuja. Nyasi nzuri zilikuwa kwenye mahame yao, makazi ya zamani walikoondolewa na Operesheni Vijiji.

Alipofika akaona moshi. Aka! Nani anapika huku? Nyumba yao imesimama, mlango wa matete umefungwa.

"Nani huyo?" sauti ikauliza ndani.

Domisiana akapiga magoti. "Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

Magoti yalishagusa ardhi ndipo akili ikakumbuka. Eustakia, mama mkwe wake, walimzika hapo uani kabla hawajahama.

"Usiniamshie mtoto," sauti ikanong'ona. "Amekuja amechoka. Amekula, amelala."

Kando ya mlango palikuwa na buti za jeshi. Ndani mtu akakohoa. Kikohozi cha Novatus, angekitambua hata gulioni. Mkono ukanyooka. Ikabaki kusukuma tu. Hofu ikamshinda. Akatimua mbio, mundu kautupa.

Kijijini hakufungua mdomo. Angesema nini, aitwe mchawi? Akajiambia ni jua kali, mume wangu bado yuko Uganda.

Siku ya tatu akaja Matiasi, askari mwenzake Novatus.

"Shemeji, mwenzangu yuko wapi? Jumatatu tuliteremka lori moja. Alisema anapitia mlimani kwanza, akasalimie kaburi la mama yake."

Jumatatu. Siku ile ile ya nyasi! Domisiana akapiga yowe, majirani wakajaa, akawaeleza yote. Wanaume sita waliokuwa wanatoka shamba wakapanda naye, majembe mabegani.

Nyumba haikuwa na paa. Kuta zimelala, vichaka vimeota ndani. Buti zipo. Na kando ya kaburi la Eustakia lilikuwepo la pili, ambalo hakuna aliyelijua, limefunikwa na nyasi za miaka.

Domisiana akaliangukia. "Nilikuwa mlangoni, mume wangu! Nisamehe, niliogopa!" Kisha akatega sikio udongoni.

"Anapumua," akanong'ona. "Chimbeni."

Wakatazamana. Matiasi, aliyerudi vitani mzima, ndiye aliyetangulia kushuka mlima, wengine wakamfuata.

Domisiana akachimba peke yake, kwa mikono, hadi kucha zikatoka. Hakukuta mtu. Alikuta blanketi la jeshi, limekunjwa vizuri, bado lina joto.