Hema Lililokataa Kukauka

Hema lilikataa kukauka. London ilikuwa inaoka watu wiki ile, hata nyasi za bustani za Kilburn zilikuwa zimegeuka rangi ya mkeka, lakini hema la Peris, lililoning'inizwa juu ya bafu tangu warudi likizo, liliendelea kudondosha maji kama lililotoka mvuani sasa hivi. Njoroge, mumewe, alisema hayo ndiyo matokeo ya kununua vitu rahisi, akaenda zake kuendesha basi. Peris aliyakinga maji kiganjani akayanusa. Yalinuka tope na majani yaliyooza. Alikuwa amekwisha kulifua hema hilo kwa sabuni, tena si mara moja.

Likizo yenyewe ilikuwa wazo lake. Kwenda kwao Mombasa hawangeweza mwaka huu, kwa hiyo walivuka bahari na gari lao mpaka mashambani Flanders, huko Ubelgiji, kwenye vilima ambavyo mtu wa Murang'a kama Njoroge aliona haya kuviita vilima. Walipiga kambi nyuma ya shamba la ng'ombe. Mchana walizunguka kwa baiskeli kutazama makanisa ya matofali na mashamba ya mmea wa kutengenezea bia, uliopandishwa kwenye nguzo ndefu. Jioni walikula chipsi kwa mayonezi hadi binti yao Daisy akavimbiwa. Mwenye kambi, mama mtu mzima asiyevua gambuti, aliwaomba jambo moja tu: wasipige kelele karibu na bwawa lililokuwa nyuma ya ua wa miti. Njoroge alidhani ni kwa ajili ya wavuvi. Wavuvi wenyewe hawakumwona hata mmoja.

Sasa Peris alikuwa na dukuduku lake. Daisy, mwenye miaka saba, alizaliwa London. Kiswahili alikielewa chote, lakini ukimsemesha anakujibu Kiingereza, na bibi yake kule Changamwe alikuwa ameacha kuomba kuongea na mjukuu kwenye simu. Hilo lilimuuma Peris kuliko alivyoweza kumwambia mtu. Basi akaweka sheria kambini: hema ni nyumba ya Kiswahili. Haingii mtu bila kupiga hodi, wala haingii kabla ya kuambiwa karibu. Mtoto akaifanya mchezo. Kutwa nzima ikawa hodi, hodi, mpaka sauti ikavuka ule ua wa miti. Kilichomshinda ni kuagana. Majirani wa hema la pili walipokuja kunywa chai ya maziwa, Daisy aliwapungia mkono na kuwaaga kwa Kiingereza chake, na Peris akamfinya sikio kidogo. Mgeni akikuaga unamwambia karibu tena, alimfundisha. Kumwacha aondoke bila neno hilo ni ukosefu wa adabu.

Asubuhi ya kuondoka mvua ilinyesha. Njoroge na Daisy walikuwa garini wakipanga mizigo, Peris yuko ndani ya hema anakunja mablanketi, na huko nje sauti ya mtoto ikapiga hodi.

"Karibu," akajibu bila kuinua kichwa.

Zipu ikafunguka taratibu, mpaka mwisho. Ubaridi ukaingia. Mtu hakuingia. Peris alidhani ni upepo, na ilikuwa baadaye sana ndipo alipojiuliza upepo ulijifunza wapi kufungua zipu. Kitambo kidogo Daisy aliingia kuchukua mto wake, akatoka amelowa kuliko mvua ilivyonyesha.

Siku yao ya kwanza nyumbani, Daisy alikuja jikoni akasema, "Shikamoo mama. Naomba maji ya kunywa." Peris nusura acheze. Alimpigia mamake pale pale, na bibi na mjukuu wakazungumza hadi bibi akalia kwa furaha. Na hiyo ndiyo iliyokuja kuwa aibu ya Peris: kwamba aliona mambo, akanyamaza, kwa sababu alikuwa amepata alichokitamani. Aliona mtoto anamaliza jagi zima la maji kwa pumzi moja. Aliona mto wake umelowa kila asubuhi. Aliona marafiki wa Daisy wakija mlangoni kumwita, naye akiwatazama midomo asiwaelewe. Na Kiswahili chenyewe, ukikisikiliza vizuri, kilikuwa sauti ya Peris mwenyewe, pamoja na kile kikohozi chake kidogo cha kabla ya kusema.

Jioni moja walikuwa mezani, ugali na sukuma, mtoto akimsifu mama kwa mapishi, na Peris akasikia kule bafuni, ndani ya mikunjo ya hema, nyuma ya mdondoko wa yale maji, sauti ndogo iliyofifia kama ya mtu anayepiga simu kutoka mbali, na sauti ile ilikuwa inasema Kiingereza, Kiingereza cha Kilburn cha mtoto wake wa kumzaa, kwamba kuna baridi, kwamba amepiga hodi na hodi na hakuna anayemfungulia, na Peris akageuka polepole kumtazama mtoto aliyekaa mbele yake, naye mtoto yule akaacha kutafuna, akakohoa kidogo, akatabasamu.

"Kula, mama," akasema. "Chakula kitapoa."

Kesho yake aligonga mlango Bi Nurjehan, jirani wa chini, Mhindi mzaliwa wa Mombasa, amekuja kulalamikia doa la maji kwenye dari yake. Lalamiko halikumaliza njia. Alinusa ile harufu, akamwangalia mtoto aliyesimama ukumbini, akamvuta Peris nje kwenye ngazi. Peris akamweleza yote huku machozi yanamtoka.

"Huyo hafukuziki," Bi Nurjehan akanong'ona. "Hata wasome dua wasomaji wa mji mzima. Hakuvunja mlango, mwanangu. Wewe ulimkaribisha. Mgeni husindikizwa. Mrudisheni kwao kwa heshima, na mwana wenu mtampata."

"Na akikataa?"

"Hatakataa. Ataaga. Hapo ndipo pa kuogopa. Akiaga, uma ulimi wako. Ukimjibu vile tunavyowajibu wageni, umemfungulia tena."

Njoroge hakuwa mtu wa kuamini majini. Alikuwa tayari kucheka, mpaka Peris alipomshika mkono akamketisha ukingoni mwa bafu, akaisikia ile sauti inamwita baba. Alilia. Kisha akakunja hema kwa mikono miwili, taratibu, kama anayemfunika mtu aliyelala, akalipakia garini.

Njia nzima yule mtoto alikaa kiti cha nyuma, kiti kinalowa chini yake, akisimulia uzuri wa kwao. Walipoingia kwenye handaki lililo chini ya bahari, sauti iliyokuwa ikitoka nyuma kwenye mizigo ilinyamaza. Peris alishika ushanga wa shingoni na kuomba kila alilojua. Sauti ilirudi upande wa pili, dhaifu kuliko mwanzo.

Mwenye kambi aliwaona wanafika, akamtazama mtoto, akafunga dirisha lake.

Walilisimamisha hema pembeni mwa bwawa, jua likiwa juu bado, na yule mtoto akavua viatu, akaingia bila kuambiwa, zipu ikajifunga nyuma yake, na Peris akasema kwa sauti ya mama mwenye nyumba, mgeni wetu, umekula, umelala, tumekusindikiza mpaka kwenu, na kitambaa cha hema kikavimba kama kilichojaa pumzi, kikanywea, na nyasi zikaanza kulala moja moja kutoka hemani kuelekea majini, hatua baada ya hatua, bila mguu wowote wa kuonekana, na bwawa likafunguka na kujifunga kimya kimya, na kwa mara ya kwanza tangu likizo lile hema likawa kavu.

Zipu ikafunguliwa kwa mikono midogo yenye papara. Daisy akatoka akilia, akiuliza kwa Kiingereza walikuwa wapi muda wote huo. Peris alimkumbatia hadi akamuumiza. Hakuwahi kuipenda lugha ile kama alivyoipenda dakika hiyo.

Ndipo sauti ya Peris ikatoka majini, tulivu, yenye adabu.

"Kwaherini."

Peris akauma ulimi hadi akaonja damu. Njoroge akajiziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Kimya kikatanda juu ya maji, kimya cha mgeni aliyesimama mlangoni akisubiri jibu lake, na hapo Peris akakumbuka kwamba onyo la Bi Nurjehan walikuwa wanalijua wao wawili tu. Akanyoosha mkono kuuziba mdomo wa mtoto.

Lakini Daisy alikuwa ameshafuta machozi. Alimtazama mamake kama mwanafunzi anayelijua jibu, kisha akaligeukia bwawa, na bila kulazimishwa na mtu, kwa ulimi wake mwenyewe wa Kilburn, akajibu kwa Kiswahili.

"Karibu tena."