Koti la Chumba Namba Nne

Kila asubuhi Kasuku aliamshwa na mlio wa cherehani. Mama yake alikuwa fundi wa nguo, na kazi yake ilianza kabla jua halijachomoza. Kasuku alifagia ua, akajaza ndoo, akamwogesha mdogo wake Kitinda, kisha akabeba mkoba wake kwenda shule. Jina la Kasuku alipewa na mwalimu wake kwa sababu ya mdomo. Ilikuwa rahisi kukausha mto kuliko kumnyamazisha msichana yule.

Wiki hiyo alikuwa na sababu ya kusema zaidi. Ijumaa kungekuwa na mdahalo shuleni: je, matibabu ya umma kwa watu wote ni bora kuliko hospitali za binafsi? Kasuku alipangiwa kutetea hospitali za binafsi. Alifanya mazoezi akiosha vyombo, akifua, hata akipiga mswaki.

"Cha bure hakina mwenyewe," alimwambia bibi yake. "Ukilipa, unasikilizwa."

"Na asiye na kitu je?"

"Bibi, wewe humo kwenye mdahalo."

"Mimi nimo kwenye kuugua, mjukuu wangu," bibi alisema. "Uliza haya magoti."

Alhamisi Kitinda alikataa kuogeshwa. Alikuwa amejikunja mkekani, na kila alipovuta pumzi ngozi ilizama katikati ya mbavu zake. Kifuani mwake mlikuwa na mluzi mwembamba. Mama alikuwa amekwenda mbali kupeleka sare alizoshona. Bibi hakungoja. Alimfunga mtoto mgongoni, akamwita Kasuku, wakashika njia ya hospitali ya umma.

Ukumbi wa kungojea ulikuwa mrefu na nusu giza. Wagonjwa walijaa kwenye mabenchi pande zote mbili, na hakuna aliyezungumza. Hata watoto wachanga walilia kwa sauti ya chini, kana kwamba wamekatazwa. Mwisho wa ukumbi kulikuwa na mlango wa chumba namba nne. Nusu yake ya juu ilikuwa ya kioo cha ukungu, na nyuma ya kioo kilionekana kivuli cha daktari: kichwa, mabega mapana, na mkono uliokuwa ukipanda na kushuka polepole.

"Yumo," alisema muuza nyama mmoja aliyefunga kidole kwa kitambaa chenye damu. "Anaandika. Tangu nifike anaandika tu. Nadhani anatunga kitabu."



Kasuku alikaa, akakitazama kivuli. Mkono ukapanda, ukasita, ukashuka. Ukapanda tena, ukasita palepale, ukashuka. Kichwa hakikugeuka. Mlango haukufunguliwa, wala hakuna jina lililoitwa. 

"Bibi," alinong'ona, "mbona kichwa hakitikisiki?"

"Nyamaza. Daktari hasumbuliwi."

"Nani kasema?"

Bibi alifikiri kidogo. "Watu wote."

Mama mmoja aliyekaa kando yao na mtoto mapajani aliinama kwao. "Jana nilikaa hapahapa," alisema kwa sauti iliyokauka. "Alikuwa hivyohivyo. Mpaka jua likazama nikaenda zangu, alikuwa hivyohivyo."

Kasuku, aliyeweza kubishana hata na redio, aliona ulimi umemganda mdomoni. Alitaka kusimama, lakini ukimya wa ukumbi ulimkalia mabegani kama gunia. Alimtazama mdogo wake. Midomo ya Kitinda ilikuwa imeanza kugeuka rangi ya majivu.

Ghafla umeme ukakatika. Taa zilizimika, na mvumo fulani ambao hakuna aliyekuwa ameutambua ukanyamaza. Nyuma ya kioo bado kulikuwa na mwanga wa dirisha, kwa hiyo kila mtu aliona vizuri. Mkono wa daktari ulianguka ubavuni, ukaning'inia. Kichwa kilibaki palepale.

"Amekufa," mtu alisema.

Mama yule alimfunika mwanawe macho. Ukumbi mzima uliamini kwamba maiti imekaa mle ndani, na hata hapo hakuna aliyeinuka.

Mluzi kifuani mwa Kitinda ulififia. Ndipo Kasuku akasimama. Alitembea hadi mlangoni, akabisha, akangoja, akasukuma.

Nyuma ya meza palikuwa na kiti kirefu chenye mto wa kichwa. Kitini palikuwa na koti jeupe, limefungwa vifungo vyote, na kifaa cha kusikilizia moyo kimetundikwa shingoni. Mbele ya mkono wa koti ilikuwepo feni ndogo ya mezani iliyokuwa ikiupeperusha, mapanga yake yakimalizia kuzunguka. Kando yake palikuwa na kikombe cha chai iliyoganda utando.

"Hakuna mtu," Kasuku alisema. "Ni koti."

Watu walitazamana kama walioamka kutoka ndoto moja. Muuza nyama akatema mate dirishani. "Mwenye koti najua aliko," alisema. "Vuka barabara, binti. Kimbia."

Kasuku alikimbia. Milango ya kioo ya hospitali ya binafsi ilijifungua yenyewe. Ndani taa ziliwaka, jenereta ikinguruma kwa mbali. Viti laini vilikuwa vitupu, na televisheni ilionyesha watu wakiongea bila sauti. Mpokezi alimtazama kwa tabasamu lisilosogea.

"Bima au taslimu?"

"Namtafuta daktari wa chumba namba nne."

"Hapa hatuna chumba namba nne," tabasamu lilijibu.

Nyuma yake mwanamume mwenye shati la mikono mifupi alikuwa akinawa. Kasuku alipaza sauti. "Daktari, koti lako limeacha kuandika. Mdogo wangu hawezi kupumua."

Yule mwanamume aligeuka taratibu, kama aliyeitwa na mzimu. Kisha akatoka mbio, maji yakimchuruzika viganjani.

Muuguzi pekee wa zamu alitolewa wodi ya wazazi. Mtungi wa oksijeni ukavutwa, barakoa ikafungwa usoni mwa Kitinda, dawa ikatolewa. Bibi alisimama pembeni akisogeza midomo bila sauti. Hatimaye rangi ilirudi kwenye midomo ya mtoto, naye akalia kwa nguvu. Ukumbi mzima ukashusha pumzi.

Ndipo muuza nyama akamkabili daktari. "Bwana mkubwa, mimi nikivisha kigogo cha kukatia nyama aproni yangu buchani, nikaenda kuuza nyama kwa jirani, wateja wangu watakula aproni?"

Daktari aliinamisha kichwa. "Kule kuna vipimo, na taa hazizimiki. Hapa naomba hata glavu, hakuna anayenijibu. Nilichoka."

"Na mimi je?" muuguzi aliuliza kwa upole. "Koti langu nilimvisha nani?"

Daktari aliingia chumbani, akalivua koti kutoka kitini, akalivaa. Lilionekana kumwelemea. Alasiri hiyo wagonjwa wote walioweza kutembea walikwenda pamoja kwa mganga mkuu wa hospitali, na daktari aliwatangulia. Alikiri kosa lake, kisha akadai vifaa. Safari hii, mbele ya watu wengi kiasi kile, alijibiwa: glavu zilifika, jenereta kuukuu ikatengenezwa.

Ijumaa, zamu ya Kasuku ilipofika, alisimama mbele ya darasa.

"Nilipangiwa kusema cha bure hakina mwenyewe," alianza. "Nimeona pande zote mbili. Daktari ni yuleyule. Kule alikuwa na taa, huku alikuwa na watu. Na mwenyewe wa hospitali ile nimemjua. Alikuwa amekaa benchini, anaogopa kubisha hodi."

"Kasuku katuuza," mwenzake mmoja alilalamika.

"Mmepoteza alama," mwalimu alisema, "lakini hajasema uongo. Sikilizeni. Hospitali za binafsi zina kazi yake, na mwenye uwezo aende. Ila ile ya wote ni haki ya kila anayepumua, na haki hulindwa kwa kuulizwa. Mkikaa kimya mbele ya mlango uliofungwa, mtatibiwa na koti."

Wiki iliyofuata Kitinda alirudishwa kuangaliwa kifua. Nyuma ya kioo cha ukungu kivuli kilikuwa kimekaa, mkono ukipanda na kushuka. Bibi alijivuta kuelekea benchini. Kasuku alikwenda moja kwa moja mlangoni, akabisha.

Kivuli kikageuza kichwa.

"Nipo," sauti ilisema. "Ingieni."