Magoti ya Miaka Themanini

Jumamosi ile watu walijaa mbele ya lango la bustani ya michezo kama sisimizi waliomwagiwa sukari. Watoto walibebwa mabegani, akina baba walibeba mabegi, akina mama walibeba kila kilichobaki, na juu ya vichwa vya wote gurudumu kubwa lilizunguka taratibu, halina haraka na mtu.

Katikati ya msongamano huo alipita dada mmoja, dalali wa nyumba za wageni. Mtaani hapo walimwita Funguo, kwa sababu kiunoni alining'iniza kishada cha funguo ishirini na tatu, na akija hukuhitaji kugeuka ili ujue ni nani. Siku hiyo alivaa gauni la bluu lenye mifuko miwili, viatu vya chini vya kutembelea, na miwani ya jua ameipandisha juu ya nywele. Alikuwa na haraka. Hakuiona tepu.

Tepu yenyewe ilikuwa ya chuma, ya njano, ile ya mafundi, imenyooshwa ardhini hadi kwenye ngazi ya lango. Mguu wa Funguo ukanasa, funguo ishirini na tatu zikalia kwa pamoja, na yeye akatua mgongoni kwa mwanamume mmoja aliyepiga goti pale chini kama anayeongea na saruji.

"Pole, dada," mwanamume akasema bila kuinuka. "Sentimita kumi na nane."

"Nini hicho?"

"Hii ngazi. Ni ndefu mno kwa magoti ya miaka themanini."

Funguo alimtazama vizuri. Shati lake jeupe lilipigwa pasi mpaka mikunjo inakata, sikioni amechomeka penseli, na uso ulikuwa wa mtu anayecheka kwa macho kabla ya mdomo. Akataka kumkaripia, karipio likakataa kutoka.

Basi wakajuana. Mwanamume alikuwa fundi lifti kutoka mji mwingine. Familia yake ilikuwa inakuja likizo, watu sita kwa hesabu yake: dada yake, shemeji, watoto wao wawili, yeye mwenyewe, na bibi yake aliyemlea. Nyumba za kulala zilizokuwa ndani ya uzio wa bustani zilijengwa kama ngome, ngazi juu ya ngazi, na zingewagawa vyumba vya mbalimbali. Bibi alisema hatalala mbali na wajukuu wake. Tangu ujana wake alikuwa na ombi moja tu, kupanda lile gurudumu, na fundi aliapa kwamba safari hii halitaharibika kwa sababu ya ngazi moja. Alikuwa anatafuta nyumba ya nje ya uzio, na picha za kwenye simu hakuziamini.

"Picha hazipandi ngazi," alisema.

Funguo alicheka, akamwambia ameangukiwa na mtu anayefaa.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ghorofa ya sita, safi, ina lifti ya vioo. Fundi aliweka sikio kwenye mlango wa lifti kama daktari kifuani kwa mgonjwa, akasikiliza, akatikisa kichwa. Hii haifiki Jumatano, akasema. Jumanne ilipofika, mlinzi wa jengo alimpigia Funguo simu kumweleza kwamba lifti imegoma katikati ya ghorofa ya tatu na ya nne, ndani yake yumo bwana mmoja na kuku wake wa kukaanga. Funguo akampigia fundi kumpa habari, wakacheka mpaka wakashika mbavu. Tangu siku hiyo simu zao zikawa za kila jioni. Zilianza na upana wa mlango wa choo, zikaishia na umekula nini, umelalaje, na leo umevaa lile gauni la mifuko au lingine.

Jumamosi ya pili walitazama nyumba ya chini, nyuma ya kituo cha mabasi. Ilikuwa na mlango mpana na kivuli njia nzima. Fundi akasema bado kuna kipimo kimoja, mwendo. Akamwomba Funguo atembee kutoka pale hadi langoni kama mtu mwenye magoti ya miaka themanini, yeye ashike saa.

"Mbele ya watu wote hawa, fundi?"

"Funga macho, hawatakuona."

Funguo akainama, akakunja uso, akaburuta miguu. Fundi akampa mkono wa kushikilia, kwa sababu, alisema, bibi asingetembea bila mkono. Wakaenda hivyo polepole kati ya vibanda vya kofia na maputo, watu wanawapisha na kuwapa pole. Ilikuwa dakika kumi na tisa. Ndefu mno, fundi akasema, lakini walipofika hakuuachia mkono, na Funguo naye alisahau kunyooka.

Jumamosi ya tatu Funguo akampeleka kwenye nyumba aliyokuwa anaiweka kwa mwisho. Ilikuwa ya mama yake mdogo, aliyemlea yeye tangu utotoni, na Funguo mwenyewe aliishi chumba cha uani. Ilikuwa na vyumba vitatu, jiko, na choo chenye mlango wa kupita hata kabati. Sebuleni kulikuwa na dirisha moja kubwa, na ndani ya dirisha hilo, kama limetundikwa hapo kwa makusudi, gurudumu lote zima linazunguka. Mwendo wa bibi ulitoka dakika kumi na mbili. Kasoro ilikuwa ngazi moja tu mlangoni, na fundi akasema hiyo mwachieni yeye.

Alisimama dirishani muda mrefu. Kisha akageuka, macho yamelowa kidogo, akamwambia Funguo kwamba kuna jambo anataka kumwuliza, si la nyumba. Simu yake ikaita. Akaitazama, uso ukafunguka, akapokea.

"Mke wangu," akasema. "Nimekupatia. Ndiyo, dirisha lipo, utalala unaliona. Hapana, hutalala peke yako, kitanda changu nitakiweka ubavuni mwako, ukiita nasikia. Nimekukosa kweli. Haya, mke wangu. Nami pia."

Mkononi mwa Funguo funguo ziliacha kulia.

Msomaji ajue kwamba miaka minne nyuma Funguo alimpenda mwanamume mwingine, akampenda miaka miwili, hadi siku simu ilipoita mezani na sauti ya mwanamke ikauliza baba watoto atarudi saa ngapi. Alilia mpaka akachoka, akaapa kwamba hatakuwa tena mtu wa pembeni katika nyumba ya mwenzake. Sasa akahesabu. Dada, shemeji, watoto wawili, yeye, bibi. Watu sita. Mke hakutajwa.

"Ulikuwa unataka kuniuliza nini?" akasema, uso umekuwa wa kazi.

Fundi akashangaa ule ubaridi, akasema basi, litangoja. Funguo akamwita bwana mteja, akamwandikia nafasi ya nyumba, akamweleza kwamba mambo yaliyobaki atayashughulikia mwenzake wa ofisini. Akaondoka, na kwa mara ya kwanza alikibana kishada kwa mkono kisitoe sauti.

Fundi alipiga simu jioni ile, na kesho yake, na kesho kutwa. Haikupokelewa. Akaandika ujumbe: Funguo wangu, mbona kimya, nimekosa nini? Funguo akaandika maneno matatu tu: Msalimie mke wako.

Haikupita dakika, jibu likarudi. Zimefika. Amecheka sana, naye anakusalimia. Anasema ana hamu ya kukuona.

Funguo alisoma mara tatu, akaiweka simu kifudifudi. Amewahi kuona wanaume waongo, akamwambia mama mdogo, lakini asiye na haya hata ya kujificha ndiye huyu wa kwanza. Siku ya tano fundi akapiga simu ya ofisi, na Funguo akaipokea bila kujua.

"Yaani umemwambia mkeo habari zangu?" akamwuliza.

"Zote. Hata unavyotembea kama mzee."

"Na hakukasirika?"

"Akasirike nini? Amesema nikizidi kuchelewa kusema na wewe, atasema yeye."

Funguo akakata simu. Kilichomuuma zaidi ni kwamba ile sauti aliipenda bado.

Siku ya wageni ikafika. Aliomba mwenzake wa ofisini aende kuwapokea, lakini mama mdogo akakataa katakata. Kufuli la mlango wa mbele lilikuwa korofi, lazima uuinue mlango kidogo ndipo ufunguo uzunguke, na mtaa mzima ni Funguo pekee aliyekuwa anaelewana nalo.

"Hao wageni wangu wasimame juani kwa sababu wewe una hasira?" mama mdogo akasema. "Nenda, mwanangu. Na uvae vizuri. Kama ni kumwona mke wa mtu, umwone ukiwa umesimama wima."

Akavaa gauni la rangi ya machungwa linalobana kiunoni, akajipaka manukato nyuma ya masikio, akaenda amekaza shingo.

Gari lilikuwa limeshafika. Fundi hakuwepo, ametumwa dukani. Dada yake alimpokea Funguo kwa mikono miwili kama anayemfahamu siku nyingi, na watoto walikuwa wanakimbia juu na chini kwenye mteremko mdogo wa mbao uliowekwa pale kwenye ile ngazi ya mlangoni, umekatwa kwa kipimo mpaka huoni ulipoungana na saruji. Funguo akauinua mlango, kufuli likatii, wageni wakaingia. Akazunguka vyumba vyote kuwaonyesha taa na maji, huku jicho lake linamtafuta mwanamke mmoja. Hakumwona. Alimkuta bibi tu, amejikalisha sebuleni mbele ya dirisha. Amevaa raba nyeupe mpya, kofia ya ukili yenye utepe mwekundu, na miwani imefungwa uzi shingoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Sogea nikuone."

Funguo akageuka nyuma kuona ni nani anayeambiwa. Hakuna mtu. Akasogea, akachutama, akauliza kwa sauti ya chini.

"Bibi, mke wa fundi yuko wapi?"

Ajuza akamtazama kwa juu ya miwani. Kisha mabega yake yakaanza kucheza.

"Kitendawili," akasema.

"Tega," Funguo akaitikia kwa mazoea, ingawa roho haikuwa ya mafumbo.

"Nina mume, na mama yake nimemzaa mimi."

Nje gurudumu lilikuwa linazunguka. Funguo alianza kuhesabu kama anayejaribu ufunguo mmoja baada ya mwingine. Mama yake umemzaa wewe, basi huyo mama ni binti yako. Na mumeo ni mtoto wa binti yako. Mtoto wa binti yako ni...

"Mjukuu," akasema. Akahisi kitu kinazunguka kifuani na kufunguka.

"Umepata, na mji sikukuomba," bibi akasema huku anafuta macho kwa kucheka. "Ananiita mke wangu tangu ana jino moja. Siku akiniita bibi, najua amekasirika. Kwani wewe kwenu bibi yako hakukutania hivyo?"

"Sikuwahi kuwa na bibi. Sikuwakuta."

Kicheko cha ajuza kikakatika. Akauchukua mkono wa Funguo, akauweka juu ya goti lake, akaufunika kwa wake.

"Basi sasa unaye," akasema. "Ila ujue ni mke mwenza, na nina wivu."

Hapo fundi akaingia amekumbatia boksi la vyakula, akamwona Funguo, akasimama kama lifti iliyokatiwa umeme. Bibi akamweleza kwa maneno machache. Fundi alisikiliza, midomo yake inarudia polepole, msalimie mke wako, msalimie mke wako, mpaka akaketi juu ya sanduku la nguo.

"Na mimi nikakujibu kwamba amecheka," akasema.

"Ukanijibu."

"Na kwamba ana hamu ya kukuona."

"Hilo ndilo lililonimaliza," Funguo akasema, na machozi yaliyongoja wiki mbili yakatoka pamoja na kicheko, hata hakujua ni kipi kilitangulia.

Jua lilipopoa wakatoka wote kwenda langoni. Fundi alikuwa amepiga hesabu ya dakika kumi na mbili, na vituo viwili vya kupumzika. Lakini bibi, akiwa ndani ya raba zake nyeupe, alipoliona gurudumu linakaribia aliuachia mkono wa mjukuu wake, akawashika watoto wawili, huyu kulia na huyu kushoto, akaondoka mwendo wa mtu aliyesikia jina lake likiitwa. Fundi akatazama saa, akaitikisa, akaitazama tena.

"Kwa mwendo huo, dakika sita," akasema. "Yale magoti nilidanganywa."

Wao wawili walibaki nyuma. Fundi akampa Funguo mkono wa kushikilia, kama siku ile ya mazoezi. Funguo akainama kidogo, akaburuta miguu, na watu wakaanza kuwapisha.

"Tutatembea hivi hadi lini?" akamwuliza.

"Hilo ndilo nililotaka kukuuliza siku ile dirishani," fundi akasema. "Nilitaka tutembee hivi mpaka magoti yawe ya kweli."

Funguo alikwenda hatua nne, tano. Funguo zake zililia taratibu kiunoni, ishirini na tatu, kila moja na mlango wake.

"Mimi siolewi na mume wa mtu," akasema mwishowe. "Nenda kwanza kaombe talaka."

Fundi akamwachia mkono, akakimbia, anapenya katikati ya maputo na kofia na watoto, shati jeupe linapepea, mpaka langoni. Funguo alimwona akiinama sikioni kwa bibi yake. Alimwona ajuza akiweka mikono kiunoni na kutikisa kichwa, hataki, hataki kabisa. Kisha bibi akavua kofia yake ya utepe mwekundu ili aonekane vizuri, akamtazama Funguo kwa mbali, na huku amekenua meno yote aliyobakiwa nayo, akanyoosha juu vidole vitatu. Talaka tatu, zisizo na kurudiana.