Kiti cha Kontesi

Mafuta ya magari yalikuwa yamekauka mjini, hakuna pikipiki, hakuna teksi. Kwa hiyo mimi, Libère, mwenye miaka hamsini na miwili na tumbo linalotangulia kufika kila mahali, nilishuka mtaa wa Jabe kwa miguu, jua likizama, kwenda kuchukua kiti.

Kiti cha enzi. Kesho yake kundi letu lingecheza mchezo wangu kuhusu kontesi wa Ulaya ya kale, mjane aliyetawala jimbo zima kwa niaba ya mwanawe mdogo. Kontesi alikuwa mpwa wangu, Joëlla. Kicheko kikubwa nilikiweka kimoja: anakaa kwa madaha, mguu wa kiti unachomoka, anaanguka miguu juu. Joëlla alikuwa amenigomea mara nne. Huyu mama aliongoza majeshi, alisema, kwa nini aanguke? Kwa sababu watu watacheka, nikamjibu. Mara nne.

Nilipofika, Djibril seremala alikuwa ameenda kuswali magharibi. Karakana ilikuwa wazi.

Kwenye kiti changu amekaa bibi kizee.

Alinuka siagi... ile ya ng'ombe, iliyolala sana chunguni, waliyojipaka mabibi wakubwa wa zamani.

Nikamwomba anipishe. Kimya. Nikamweleza habari za mafuta, za mchezo, za ukumbi ulioko Mutanga Sud, na kilima chote kile cha kupanda. Kimya. Nikamtupia vichekesho vitatu vilivyowahi kuwatoa machozi watu wazima. Hata kope haikucheza. Miaka thelathini jukwaani, sijapata mtazamaji mgumu namna ile.

Hasira ikanipanda. Nikafanya kituko. Nikainama, nikapiga makofi polepole kama watu wa zamani walivyowasalimu watawala, nikasema, "Ganza." Yaani, tawala.

Akatabasamu.

"Kumbe salamu unaijua," akanong'ona. "Sasa nibebe."

Umeme ukakatika. Uliporudi, kiti kilikuwa kitupu.

Djibril alipoingia nikamuuliza yule bibi ni nani. Hakuacha mtu yeyote ndani, alisema. Kisha akakitazama kiti, akashusha sauti.

"Kaka, hii mbao ni ya kigabiro. Ya kule Muramvya."

Nikauondoa mkono wangu kitini. Kigabiro ni miti inayobaki pale palipokuwa na boma la mtawala. Haikatwi.

"Wenyeji walisema palikuwa kwa muke wa chifu," akaendelea. "Bwana alikufa, yeye akatawala, mutoto akiwa mudogo. Walisema niombe ruhusa kwanza. Mi niliuliza bei tu."

Nikakibeba kichwani. Pale Jabe kilikuwa kiti. Nilipofika mtaa wa Rohero, shingo ilikuwa inazama mabegani. Na katikati ya kilima, gizani, kitu juu ya kichwa changu kikajisogeza kidogo... kama mtu anayekaa vizuri.

Kundi lilikuwa linanisubiri ukumbini. Joëlla akakaa, mazoezi yakaanza. Tukafika mahali pa kuanguka.

Hakuanguka.

Nikafoka. Nikarudisha mazoezi mara tatu. Mwishowe nikapanda jukwaani mwenyewe, nikauchomoa ule mguu kwa mkono wangu. Kiti kikabaki kwenye mitatu. Hakikuyumba hata kidogo.

Harufu ya siagi ikanijia usoni.

"Joëlla, simama."

Akajisukuma, asinyanyuke, akaniita mjomba kwa Kifaransa kama kawaida yake. "Mi nataka, Tonton... Ananikatalia."

Nikapiga magoti, na safari hii haikuwa kituko. Nikaichana karatasi ya mchezo yenye lile anguko, mbele ya macho yake. Nikaomba msamaha, kwa Kirundi cha bibi yangu, bila mzaha hata mmoja.

Akasimama.

Kesho yake tulicheza bila anguko. Watu mia tatu, na hakuna aliyecheka. Hakuna hata aliyekohoa. Walikaa wima mpaka mwisho. Nilisimama nyuma ya pazia nikitafuna ngumi. Maisha yangu yote nimetafuta watu wanisikilize hivyo, na jambo bora nililoufanyia mchezo lilikuwa kuichana karatasi ile!

Tulipotoka nikamshika Joëlla mkono kumvusha barabara. Kiganja kilikuwa kinateleza kwa siagi. Nikamwambia yamekwisha, sasa tunarudi nyumbani. Akanitazama kwa upole, kama mtu anavyomtazama mtumishi wake.

"Mutoto wangu mumemuweka wapi?"

Joëlla ana miaka ishirini na miwili. Hajawahi kuzaa.

Tangu siku ile ananiuliza kila jioni. Mimi na mama yake tumeshajibu kila tunachojua kujibu. Na kila jioni anauliza kwa sauti ya chini zaidi... kama mtu ambaye subira inamwishia.